Upole wa mbwa wa maonyesho si pambo la ulingoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni kwamba mbwa wa maonyesho ni mwanasesere mwenye manyoya, aliyefundishwa kusimama tu, asiye na tabia yake mwenyewe wala faida kwa mtu yeyote nje ya uwanja wa mashindano. Nakubaliana naye katika jambo moja, nami nitalifikia baadaye. Katika hilo la tabia, hata hivyo, sina budi kushika kalamu, kwa sababu mwaka huu tumemzika mbwa wetu wa maonyesho, na katika yote waliyoyasema watu waliokuja kutupa pole, makombe yake yalitajwa kwa nadra sana.

Nyumbani tulimwita Shani. Jina la vyetini lilikuwa refu mno, limebeba ukoo wa mama na wa baba, na hakuna aliyelitamka isipokuwa mtangazaji wa uwanjani. Alikuwa Golden Retriever jike, wa rangi ya dhahabu iliyofifia kidogo mapajani na chini ya mkia, mwenye kimo cha sentimita 54 mabegani, ambacho kimo ndani ya sentimita 51 hadi 56 zinazotakiwa na The Kennel Club, chama cha mbwa cha Uingereza, kwa majike wa aina hiyo. Hakuwa mbwa asiye na dosari. Shingo yake ilikuwa fupi kuliko inavyopendeza, na majaji wenye jicho kali waliliona hilo kila mara, wakampa nafasi ya pili au ya tatu pale ambapo sisi, kwa upofu wa mapenzi, tulitarajia ya kwanza.

Msomaji huyo hana kosa akidhani kwamba maonyesho ni mashindano ya maumbile, kwa maana ndivyo yalivyoanza. Maonyesho yanayohesabiwa kuwa ya kwanza kuandaliwa kwa utaratibu yalifanyika Newcastle upon Tyne, nchini Uingereza, mwezi Juni 1859. Waliingizwa mbwa wa kuwindia tu, wa aina za pointer na setter, na washindi walizawadiwa bunduki. Mtu aliyeondoka na bunduki hiyo angeweza kurudi porini na mbwa yule yule, na huko porini moyo wa mbwa ungejulikana bila kuhitaji jaji. Baadaye The Kennel Club ikaanzishwa mwaka 1873, maonyesho ya Westminster yakaanza New York mwaka 1877, yale ya Crufts yakafuata London mwaka 1891, na kadiri mbwa wasiowahi kuiona mbuga walivyozidi kuingia ulingoni, ndivyo ilivyobidi kuandikwa kwenye karatasi mambo ambayo zamani yalijulikana kazini, likiwemo hili la tabia.

Karatasi hizo watazamaji wengi hawazisomi, na nina wasiwasi kwamba hata baadhi ya wazalishaji huziruka aya hizo wakikimbilia vipimo vya fuvu na pembe za mabega. Maelezo rasmi ya Uingereza yanamtaka Golden Retriever awe mwema, rafiki na mwenye kujiamini. Yale ya American Kennel Club, chama cha mbwa cha Marekani, yanaeleza kwamba ugomvi au uhasama kwa watu na mbwa wengine katika mazingira ya kawaida, pamoja na woga usio na sababu, havipatani na tabia ya aina hii. Shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, FCI, lililoundwa mwaka 1911, linaweka ukali na woga uliopita kiasi miongoni mwa makosa ya kumwondoa mbwa kabisa katika mashindano, hata awe na umbo la namna gani. Kwa hiyo jaji anayemvisha utepe mbwa mwenye kuunguruma hatumii hiari yake. Anavunja masharti ya kazi aliyopewa.

Hebu tuangalie kinachompata mbwa mwenyewe. Anaingizwa mahali penye vipaza sauti na harufu za mbwa wasiohesabika, kisha mtu asiyemfahamu anamwendea moja kwa moja, anamwinamia, anamfunua midomo kutazama jinsi meno yanavyokutana, anapapasa fuvu, anafuata mabega kwa vidole, anapima kifua kwa viganja viwili na kumalizia kwa kushika misuli ya mapaja na kufuata mkia mpaka nchani. Wako mbwa wengi wa nyumbani, miongoni mwa wale tunaowasifu kuwa wapole kwa sababu hawajawahi kujaribiwa, ambao wangemkoromea mtu huyo kabla hajafika mabegani. Mbwa wa maonyesho huvumilia ukaguzi huo tangu utotoni mpaka ustaafu, kutoka kwa wanaume na wanawake, wenye mikono mizito na wenye mikono baridi.

Shani hakuwa akivumilia, na hapo ndipo ilipokuwa tofauti yake na mbwa aliyefundishwa tu. Alipenda kushikwa. Mara jaji alipofika ubavuni mwake, alikuwa na mazoea ya kumwegemea gotini, taratibu, uzito wote ukihamia upande mmoja, mpaka miguu tuliyoipanga kwa uangalifu ikawa imepishana na mstari wa mgongo umepinda. Mwongozaji wake, ambaye ni mke wangu, alijaribu njia zote za kistaarabu kumwachisha. Majaji wengine walicheka wakamsubiri asimame upya. Wengine, na walikuwa na haki, walikagua walichokiona na kumpa alama alizostahili mbwa aliyesimama upande. Nakumbuka jaji mmoja mzee aliyeweka mkono kwenye shingo ile fupi na kuuacha hapo kuliko ilivyohitajika, huku msaidizi wake akitazama saa. Siku hiyo tulipata nafasi ya nne.

Upole naouzungumzia usichanganywe na unyonge. Ulingoni humo humo huwamo mbwa waliotulia kwa sababu wameogopa, na macho yasiyozoea huwaona kuwa wapole. Mbwa wa namna hiyo huvuta masikio nyuma na kulamba midomo pasipo chakula. Hupiga miayo bila usingizi, au hugeuza kichwa huku weupe wa jicho ukionekana pembeni, na mkia wake hushuka ukaganda. Anayemwona hivyo akasema “mbwa huyu ni mtulivu sana” hamtendei haki, kwani mbwa kama huyo akibanwa pasipo njia ya kutokea anaweza kuuma, kisha watu wakashangaa kwamba ameuma bila dalili. Shani alikuwa na mdomo uliolegea, mkia unaopepea kwa mapana, na alimfuata mtu mwenyewe badala ya kungoja afuatwe. Wala hakuwa mvivu: akiona maji alikwisha kuwamo kabla hujamaliza kumkataza, na habari ya kwamba kesho yake kulikuwa na maonyesho haikumhusu.

Mwaka wake wa tatu ulingoni aliwekwa karibu na dume kijana, mbwa mzuri sana wa umbo, ambaye alikuwa bado hajajua afanye nini na hofu yake. Dume yule alimrukia akimfokea, kamba ikamvuta nyuma. Shani hakurudi nyuma wala hakujibu. Aligeuza uso pembeni, akanusa nyasi ambazo sidhani zilikuwa na chochote cha kunuswa, akakaa kitako na kumwonyesha ubavu. Wanaojua lugha ya mbwa watatambua kwamba hiyo ndiyo njia yao ya kusema hawataki shari, na wataelewa pia kwamba ni mbwa mwenye kujiamini tu anayeweza kuisema huku anatishwa. Tangu siku hiyo mwenye dume yule, aliyekuwa mshindani wetu mkubwa na ambaye hatukuwa tukipendana naye hasa, alikuwa akiomba kizimba chake kiwekwe kando ya cha Shani, kwa sababu kijana wake alilala akiwa jirani na yeye na alihangaika akiwa peke yake. Huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja kutupa pole.

Watu huuliza kama upole wa namna hii hufundishwa au huzaliwa nao. Kwa maoni yangu swali hilo linagawanya kitu kisichogawanyika. Aina hii ilitokana na kazi ya Dudley Marjoribanks, aliyekuja kujulikana kama Lord Tweedmouth, kwenye milki yake ya Guisachan katika nyanda za juu za Scotland. Mwaka 1868 jike wake aliyeitwa Belle, wa aina ya Tweed Water Spaniel ambayo leo imetoweka, alizaa na dume wa manjano aliyeitwa Nous, na watoto wao wa manjano ndio waliowekwa kuwa msingi wa ukoo. Mbwa hao walitakiwa kuokota ndege waliopigwa risasi, majini na nchi kavu, na kumletea mwindaji wakiwa wazima wa kuliwa. Mbwa anayetafuna ndege hakuwa na kazi, na asiyeweza kufanya kazi bega kwa bega na watu wengi na mbwa wengi bila ugomvi hakuwa na kazi vilevile. Sifa hiyo ya kushika bila kutafuna wawindaji wanaiita kinywa laini, na kwa Shani niliiona siku kadi ya namba ilipochomoka mkononi mwa mke wangu ikaanguka katikati ya ulingo. Aliokota mwenyewe akiwa mwendoni, akaendelea kukimbia kichwa juu, akamkabidhi aliposimama. Nilikuwa na kadi hiyo baadaye mfukoni nikaitazama vizuri: ilikuwa na unyevu kidogo pembeni, lakini hakuna jino lililoitoboa.

Hata hivyo damu njema huharibika haraka ikilelewa vibaya. Kuanzia takriban wiki ya 3 ya umri wake hadi kama wiki ya 14, mtoto wa mbwa anapokea ulimwengu kwa wepesi ambao hautarudi tena; watu, sauti, sakafu, magari na wanyama anaowazoea wakati huo hubaki kuwa mambo ya kawaida kwake, na asivyoviona huweza kumtisha maisha yake yote. Mwanamke mzalishaji aliyetuuzia Shani alilijua hilo. Watoto wa mbwa wake hawakulelewa kwenye banda la nyuma ya nyumba bali katikati ya vishindo vya familia, wakashikwa kila siku na watu tofauti, wakafunuliwa midomo na kuguswa makucha huku wakipewa kitu kitamu. Tulipokwenda kuchagua, hakutuonyesha watoto kwanza. Alitukalisha na mama yao, akatuacha naye chumbani, na akatuambia kwamba kama hatukumpenda yule tusijisumbue na waliobaki. Sijasikia ushauri bora zaidi kuhusu ununuzi wa mbwa.

Shani naye alipozaa alikuwa vivyo hivyo, ingawa baada ya kuwaachisha watoto ziwa alipukutika manyoya, kama ilivyo kwa majike wengi, na ikabidi akae mbali na mashindano kwa muda mrefu akisubiri yaote. Watu wa maonyesho hulihesabu hilo kuwa hasara. Mimi naona ndio wakati aliofanya kazi yenye faida kuliko zote, kwa kuwa wawili kati ya watoto wake hawakuwahi kuingia ulingoni, wakaenda kukaa na watu wenye ulemavu, na ripoti zao zinanifurahisha kuliko tepe za kaka zao.

Kwa msomaji anayesema mbwa hawa hawana faida nje ya uwanja, ningemkumbusha Rufus, bull terrier aliyeshinda taji kuu la Westminster mwaka 2006, ambaye baadaye alitumika kutembelea wagonjwa ili kuwafariji. Ningemkumbusha pia Uno, beagle wa kwanza kulitwaa taji hilo, mwaka 2008, mbwa aliyebweka ulingoni kwa furaha mpaka ukumbi mzima ukamshangilia, kisha naye akaingia katika kazi hiyo hiyo. Kutulia mbele ya mgeni anayekugusa ndicho mgonjwa anachokihitaji kwa mbwa aliyeletwa kitandani kwake, na mbwa aliyepitia mamia ya mikono ya wageni bila kuchukia amekwisha fuzu sehemu kubwa ya mtihani huo.

Nilisema kuna jambo ninalokubaliana na msomaji. Maonyesho yamewadhuru mbwa. Mwaka 2012, Crufts walipoanza kuwapima kwa madaktari wa mifugo washindi wa aina 15 zilizokuwa na matatizo makubwa zaidi ya kiafya, washindi 6 walizuiwa kuendelea, wakiwemo bulldog na Pekingese. Huwezi kumtukuza mnyama kwa pua iliyobanwa hadi asipate pumzi, kisha ukadai unampenda. Wala sisi wa Golden Retriever tusijitoe: aina yetu inasumbuliwa na saratani kiasi kwamba shirika la Morris Animal Foundation la Marekani liliandikisha zaidi ya mbwa 3,000 wa aina hii kuanzia mwaka 2012 ili kuwafuatilia maisha yao yote na kutafuta visababishi. Kama waandaaji wangeipa afya na tabia uzito ule ule wanaoupa mstari wa mgongo, nusu ya hoja za msomaji zingekosa pa kusimama.

Saratani ndiyo iliyomchukua Shani akiwa na miaka 10 na miezi kadhaa. Ilikuwa hemanjiosakoma, ambayo huota kimya kwenye bandama, mara nyingi bila dalili, mpaka inapopasuka na damu kumwagikia tumboni. Asubuhi alikula vizuri. Mchana hakuweza kusimama. Daktari wa mifugo aliyempokea, ambaye hakuwa amemwona kabla ya siku hiyo, alipiga magoti sakafuni alipokuwa amelala na kunyoosha mkono ili aone rangi ya fizi. Kabla kidole hakijafika, Shani aliinua kichwa kidogo na kulegeza midomo apate kufunuliwa, kama alivyofanya kwa kila jaji. Fizi zilikuwa nyeupe kabisa. Daktari alituuliza kama alikuwa mbwa wa maonyesho, tukasema ndiyo, akasema amewahi kuumwa na mbwa wenye maumivu pungufu ya yale. Kisha Shani alijaribu kumwegemea, lakini nguvu hazikuwepo.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, naomba mambo mawili matatu yasikike kwa wahusika. Vyama vya mbwa viwatake majaji kuandika katika maoni yao, kwa maneno yao na si kwa kutia alama kwenye kisanduku, jinsi mbwa alivyopokea kuguswa. Wako majaji wanaoandika hivyo tayari, lakini wengi huishia kwenye meno na mwendo. Wazalishaji waache kuzalisha jike mwenye hasira au mwenye woga, hata akiwa na makombe kabati zima, kwa kuwa kombe haliwanyonyeshi watoto wala haliwafundishi kutulia. Nao wanunuzi wakatae kuuziwa mtoto ambaye mama yake amefichwa.

Na gazeti lako nalo lina sehemu yake. Mnapochapisha matokeo ya maonyesho huwa mnatupa picha ya mshindi, jina lake refu na jina la mwenye kombe, basi. Safari ijayo mwandishi wenu amwombe mwenye mbwa ruhusa, amsogelee mshindi kwa ubavu badala ya kumwinamia usoni, amwache amnuse mkono, amguse kifuani au begani badala ya utosini, akae naye dakika chache baada ya wapiga picha kuondoka, kisha atuandikie alivyopokewa.

Wako,
Msomaji na mfugaji wa mbwa